Betri ipi ununue ukihamishia maisha na kazi ndani ya RV

Wiki yangu ya kwanza ya kufanyia kazi ndani ya RV, yaani gari lenye kitanda na jiko ndani, nje kidogo ya Quartzsite, Arizona, Marekani, nilikuwa na betri mbili za maji nilizouziwa kwa sifa kemkem. Saa tisa alasiri, katikati ya kikao cha video, inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ikaanza kulia pii-pii. Kipimo kinasoma volti 10.9. Bosi akabaki anatazama uso wangu ulioganda mdomo wazi. Kwa hiyo orodha hii ina kinyongo kidogo.

Piga hesabu kwanza. Laptopu ya wati 60 kwa saa 8 ni wati-saa 480. Kisahani cha Starlink, intaneti ya setilaiti, kinakula karibu hizohizo, na friji ya volti 12 inafika 500 kwa siku. Tayari uko kama 1,500, feni hujawasha.

1. Lithiamu (LiFePO4). Hiyo ndiyo alama ya kutafuta kwenye kibandiko. Betri ya 100Ah (ampea-saa 100) ina wati-saa 1,280, na karibu zote unazitumia. Ya maji au kavu, ambazo zote ni za madini ya risasi, ukivuka nusu unaiua taratibu. Ya lithiamu ina kilo kama 12, mwenzake wa risasi anakaribia 30. Inachajiwa na kutumika mara 2,000 na zaidi, wakati za risasi huhesabiwa kwa mamia. Hapa Marekani za bei ya chini zinapatikana kwa dola 200 na kitu. Nunua mbili.

Ina mitego miwili. Haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0, na mji wa Flagstaff, Arizona, mita 2,100 juu, usiku wa Januari hauna utani; kama utapita huko chukua yenye kipasha joto ndani. Pili, usiiunge moja kwa moja na altaneta, jenereta ya injini ya gari, maana inavuta umeme kwa pupa hadi altaneta inaungua. Weka katikati chaja ya DC-DC, inayopunguza umeme unaovutwa.

2. Kasha la umeme la kubeba. Betri, inveta na chaja kwenye boksi moja lenye mpini. Linamfaa anayejaribu maisha haya au aliyekodi gari, kwani halihitaji fundi wa nyaya. Ila inveta ikifa, boksi zima linaenda kwa fundi na wewe unabaki gizani.

3. Betri kavu (AGM). Haimwagi asidi, na baridi haiizuii kuchajiwa. Kama usiku mwingi unalala kambi zenye soketi, inatosha kabisa.

4. Betri ya maji. Rahisi dukani, ghali baadaye: kuongeza maji safi ya betri, kuiwekea tundu la kutolea gesi ya haidrojeni, na ukiiacha nusu tupu salfeti inagandia sahani za risasi zilizo ndani. Jihadhari hasa na zilizoandikwa "marine". Nyingi ni nusu ya kuwashia injini, nusu ya matumizi ya muda mrefu. Ndizo nilizouziwa mimi.

Kabla hujalipia lithiamu, soma kikomo cha BMS, ule ubongo wake wa ndani. BMS ya ampea 100 inaishia karibu wati 1,280. Birika langu la wati 1,500 lilizima betri mpya kabla maji hayajapata hata uvuguvugu, na tangu siku hiyo chai nachemshia kwenye gesi.