Vesti ya kubana mbwa wakati wa fataki: nimeitumia Diwali na mwaka mpya, haya ndo niliyoyaona

Wadau mnaofuga mbwa hapa Dar, hasa sie wa Upanga, naandika hii mapema ili Diwali, ile sikukuu ya Wahindu, isitukute tena hatujajipanga. Usiku wa kuingia 2024 Tomi wangu (mbwa wa kienyeji, kilo 18, hana neno na mtu) aliruka ukuta fataki zilipoanza tu saa sita, tukamtafuta usiku kucha na tochi za simu, asubuhi dereva wa bodaboda ndo akatuambia kuna mbwa kajikunyata chini ya kontena kule Jangwani. Alikuwa yeye, kucha mbili zimeng'oka kwa kuparua ukuta. Sitaki kuona kitu kile tena.

Ndo nikanunua hii vesti, elfu 75 kwa muuzaji wa mtandaoni. Ni kitambaa kizito kinachovutika, unamzungushia kifuani na tumboni afu unafunga na velkro, inambana mwili mzima kiasi, kama mtoto anavyotulia akishafungwa mgongoni na khanga. Kushonwa imeshonwa vizuri, nimeifua mara nyingi haijalegea.

Kosa nililofanya mimi ni kumvalisha siku yenyewe. Diwali ya 2024, tarehe 31 Oktoba, giza limeanza kuingia na fataki za kwanza zishapigwa, mimi ndo natoa vesti kwenye mfuko. Nimevuta velkro kurekebisha ikapiga ile krrraaa, Tomi akashtuka kuliko alivyoshtuka na fataki. Nilivyomaliza kumfunga akasimama katikati ya sebule hatikisiki, mke wangu akasema si unaona, imemtuliza. Nikainama nikamwangalia usoni, mboni zimetanuka jicho zima jeusi, analamba midomo bila kupumzika, nikampa kipande cha ini ambacho siku zote ananipokonya mkononi, kikamdondoka mdomoni. Jamani huyo hajatulia, kaganda kwa woga. Tuwe tunaangalia hilo maana wengi tunaona mbwa kanyamaza tunafurahi.

Daktari wa mifugo aliniambia hivyohivyo kuhusu asepromazini, ile dawa ambayo watu wanapeana kwamba inalaza mbwa. Ukimpa yenyewe peke yake inalegeza mwili tu ila woga unabaki palepale, yani anasikia kila mlipuko na hawezi hata kukimbia. Iliniuma kusikia hivyo. Yeye alimwandikia Tomi gabapentini, dawa ya kupunguza woga, anapewa kama saa mbili kabla fataki hazijaanza, na akanionya nisije nikanunua ya maji ya binadamu duka la dawa kwa sababu baadhi zina kiongeza utamu kinaitwa zailitoli ambacho ni sumu kwa mbwa. Na wenye paka tafadhali msiwape panadol, paracetamol inaua paka, kidonge kimoja tu kinatosha.

Basi Novemba nzima nikaanza upya. Vesti naiweka chini, anainusa, anakula ini juu yake. Velkro naifungua mbali, kila ikilia anapata kipande. Baadaye anavaa dakika tano, kumi, tunatembea nayo uani. Huku sauti za fataki naziweka kwenye simu chini kabisa wakati anakula, napandisha kidogo kidogo, akiinua masikio tu napunguza.

Tarehe 31 Desemba saa nne usiku dawa kashapewa, vesti kavaa, tuko chumba cha ndani kisicho na dirisha la barabarani, feni kubwa inanguruma na redio juu. Saa sita mambo yakaanza. Alitetemeka, siwadanganyi, akaja kujibana mapajani kwangu, nikamshika tu maana si kweli kwamba ukimbembeleza unamzidishia woga. Ila ini alikula! Saa saba kasoro akalala kwa ubavu. Yule paka wetu yeye aliingia kabatini tukamwacha hukohuko, paka akijificha usimtoe.

Kitu ambacho hawakuambii wanapouza ni joto. Desemba ya Dar na madirisha umefunga, mbwa kavaa kitambaa kizito na anahema kwa woga, anaweza kuzidiwa. Bila feni au eisii usimvalishe, na ukiona anahema ulimi nje mrefu na mate yanamwagika ivue saa hiyohiyo.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Vesti peke yake kwa mbwa mwenye woga kama wa Tomi isingetosha, dawa ya daktari na kile chumba ndo vilibeba sehemu kubwa, ila kwa mbwa anayeogopa kidogo naona inaweza kumfaa ukimzoesha wiki tatu nne kabla. Kununua pima kifua nyuma ya miguu ya mbele, usiende na uzito peke yake, ya kwanza niliyoletewa ilimbana kwapani ikabidi nibadilishe.

Na kola yenye namba ya simu mvalisheni usiku huo hata kama yuko ndani.