Jioni ya ngano za uumbaji Mji wa Kale, kina mama nendeni

Kama uko Mombasa na unapenda hadithi, hii jioni ya ngano inayofanyika uani kwenye nyumba moja ya zamani Mji wa Kale usiikose. Safari hii ilikuwa mama na mtoto kwenye ngano za uumbaji, na bibi anayesimulia wallahi kazi anaijua, akipiga Paukwa ua mzima unaitika Pakawa. Kwa watakaouliza, ni ngano za watu wa kale, hakuna anayefundishwa dini pale.

Iliyonishika ni ya Tiamat, mungu mama wa Babeli. Watoto wake, miungu wadogo, wana kelele mpaka mumewe Apsu hapati usingizi, anataka kuwaua wote, mama anakataa katakata, vipi tuwaangamize tuliowazaa wenyewe? Basi hao hao watoto wanamuua Apsu, na Tiamat baadaye anachochewa mpaka anawageukia kwa vita, Marduk, mmoja wa hao miungu wadogo, anamuua anampasua mapande mawili, moja mbingu moja ardhi. Yaani dunia yote hii ni mwili wa mama! Bibi hapo hakuharakisha, aliwaacha watu wabishane mwenye makosa nani. Mimi nasema mama alionewa.

Ya Wagiriki ndo ilitoa watu machozi. Mungu Kronos anameza kila mtoto anayezaliwa, so mkewe Rhea anamficha mtoto wao Zeus kule kisiwani Krete na mumewe anampa jiwe limefungwa nguo za mtoto. Bibi alichukua jiwe kweli akalifunga leso, akalipakata akalibembeleza, kisha akamkabidhi kijana wa mbele, na yule kijana akalipokea kwa mikono miwili, mmoja ameshikilia kichwa.

Ya Wamaori wa New Zealand fupi lakini nzuri, mama ardhi Papa na baba mbingu Rangi wamekumbatiana na watoto wamebanwa gizani katikati, mpaka mtoto mmoja, Tane, awasukume kwa miguu ndo mwanga uingie.

Sikupenda kitu kimoja. Mumbi, mama wa kwanza wa Wagikuyu, na mabinti zake tisa waliozipa koo majina, alipitwa mbio mbio, na ya Mijikenda haikuwepo hata moja, na tuko pwani hapa hapa jamani! Hiyo warekebishe.

Kiingilio mia tano, pamoja na kahawa tungu na kaimati. Wahini mapema mikeka ya mbele inajaa, na watoto wadogo sana waacheni nyumbani, hiyo ya baba kumeza wanawe inatisha.