TAHADHARI: Fundi wa vipima upepo anayezunguka Lamu ni tapeli

Ndugu zangu wenye vyombo na wenye nyumba za wageni, Shela, Mkomani, Langoni mpaka Matondoni: kuna mtu anazunguka akiuza na kufunga vipima upepo. Msimpe hata shilingi. Mimi amenila 38,000, na hizo pesa si kitu ukilinganisha na alilotaka kutuletea baharini. Naandika kwa hasira, mnisamehe kwa hilo, lakini someni.

Kwa nini nilikitaka kipima upepo, wengi mnajua. Yale ya mashua ya mjomba sitayarudia hapa.

Alikuja ofisini kwetu, tunakotoa mashua za wageni, baada ya adhuhuri, ameletwa na mtu tunayemheshimu sote, ambaye naye amedanganywa vilevile, kwa hivyo msimguse. "Shikamoo mamangu." Akaketi barazani, akafungua boksi. Ndani mna vikombe vitatu vyeusi na mshale wake, waya umekunjwa vizuri, na skrini ndogo. Akaunganisha na betri ya pikipiki pale pale. Akavipuliza vikombe, skrini ikapanda: 3, 5, 8. Akampa mwanangu avizungushe kwa kidole, ikafika 14. Akaugeuza mshale upande wa bahari, skrini ikabadilika. Akaugeuza nyuma, ikabadilika tena. Manahodha walikuwa wamekaa hapo hapo wanatazama, na watu hao wana macho. Hakuna aliyetia shaka.

Na maneno yake! Alijua kwamba mshale huelekea upepo unakotoka, si unakokwenda, kwa hivyo wakati wa kusi lazima utazame kusini. Alijua kwamba watu wa hali ya hewa hupima upepo mita 10 juu ya ardhi, mahali peupe, na kwamba ukuta au mti ukiwapo, kipima kikae mbali nao mara kumi ya urefu wake. Alipotoa dira ili kuitafuta kaskazini, alijitenga kwanza na paipu la chuma, akatueleza kuwa chuma hupotosha dira. Sasa mtu wa namna hiyo utamshuku kwa lipi? Nimelelewa na watu wa bahari, maneno matupu nayajua. Yake hayakuwa matupu. Hayo yote aliyotueleza yalikuwa kweli, na ndiyo maana nasema huyu ni mbaya kuliko mwizi wa kawaida: ujuzi anao, na anawaibia watu nao.

"Hiki cha maonyesho ni changu mamangu, chako kipya hiki hapa." Boksi jingine, bado limefungwa nailoni. Akapanda nalo paa mwenyewe, hakutaka kijana yeyote amsaidie. Tukiwa chini tukaona vikombe vinazunguka, mshale unacheza, na skrini ukutani inasoma noti 16, kipimo cha mwendo wa upepo baharini. Watu wakapiga makofi. Nikamtumia pesa kwa M-Pesa akiwa bado kwenye ngazi, kwa sababu alisema anawahi boti ya Mokowe. Neno lake la mwisho: "Msikiguse saa 24, kinajipima."

Kisha ikaja siku kifurushi chetu cha intaneti kilipokwisha. Kusi imechafuka, minazi inalala, na skrini imeganda kwenye noti 11, yaani kama kilomita 20 kwa saa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemruhusu nahodha atoke na wageni kwenda kisiwa cha Manda Toto kwa sababu ya hiyo 11. Walirudi wanafua maji kwa ndoo, tanga limechanika, mtoto wa wageni analia hadi hana sauti. Wazima wote, alhamdulillahi. Yule nahodha hakunigombeza. Aliitazama skrini, akanitazama mimi, akaenda zake. Bora angenigombeza.

Mpwa wangu akapanda paa. Akavishika vikombe kwa mkono, akaita, "Shangazi, nimevishika!" Skrini: 11. Akaviachia: 11. Nikanunua intaneti kwa simu, nikaiunganisha. Skrini ikaruka ikawa 13, na vikombe amevishika tena, havizunguki! Miguu iliniisha nguvu.

Tulikifungua pamoja na fundi wa redio za mashua. Kwenye kipima cha kweli mna sumaku ndogo inayozunguka pamoja na vikombe. Kila ikipita penye swichi linatoka pigo moja la umeme, na skrini inahesabu mapigo hayo. Chetu hakina sumaku wala swichi. Waya umeingia ndani ya paipu kidogo tu, ukakatwa, ukafungwa kwa selotepu nyeusi. Skrini ilikuwa inachota utabiri kutoka intaneti kupitia WiFi yetu wenyewe. Utabiri huo hukadiria eneo pana la kilomita nyingi. Utajua nini kuhusu mlango wa bahari wa Shela? Maji yakitoka huku kusi inaingia, mnajua pale mawimbi yanavyosimama. Idara ya Hali ya Hewa ikitutahadharisha juu ya upepo unaozidi noti 25 tunafunga vyombo, hilo halina shida. Kipima tulikitaka kwa siku zile za katikati, ambazo nahodha anaamua kwa namba moja au mbili. Huyu mtu alituuzia namba za uongo kwa siku hizo hizo.

Dalili, kwa wanaoniuliza. Aliomba nywila ya WiFi, na kifaa alisema ni cha waya. Risiti hakutoa. Alituhubiria mahali peupe kisha akakifunga kando ya tangi la maji. Nilipouliza akasema tangi ni la plastiki, halizuii. Nati zake zimeshaota kutu kwa hewa ya chumvi. Akija kwenu, mtu wenu apande avishike vikombe mbele yake kabla ya malipo. Skrini isiposhuka hadi sifuri, mfukuzeni.

Asionywe tu huyu, wala asisamehewe kwa kurudisha pesa. Afungwe. Aliyecheza na roho za watoto wa watu baharini asikae nje kutafuta ofisi nyingine ya kuingia. Nimeandikisha kituoni na nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, ninayo. Nasikia mtu wa sifa hizo hizo ameonekana Malindi akiwafuata wenye mashua za wageni. Walioko huko waambieni leo. Na nyinyi mliomlipa mkanyamaza kwa haya, hata mimi haya ilinizuia, njooni tuandikishe pamoja. Nikisimama peke yangu atasema ni ugomvi wa biashara.