Ferrara na Ravenna kwa siku moja, kwa treni ya polepole: uzoefu wangu

Nasoma Bologna, Italia, huu ni mwaka wa pili, na posho yangu haiwezi treni za kasi. Treni ya kasi ukiinunua siku ileile bei inauma. Ndugu yake mdogo, anayeitwa Regionale, bei yake inahesabiwa kwa kilomita: nunua leo, nunua dakika tano kabla ya safari, ni ileile. Namba ya kiti hakuna. Nilipokuwa likizo nilipanda SGR kwenda Dodoma, na kule kiti chako kimeandikwa kwenye tiketi. Huku unaingia behewa lolote, unakaa palipo wazi.

Nilichora pembetatu: Bologna hadi Ferrara, Ferrara hadi Ravenna, kisha Ravenna kurudi Bologna. Tiketi zote tatu hazikufika euro 25. Kwa pesa hiyo sijaona matembezi mengine yanayokupa mengi kiasi hiki, na nasema hivi pamoja na kosa nililolifanya njiani, ambalo nitalieleza ili lisikukute.

Niliondoka Jumapili ya mwezi Mei, saa moja na nusu asubuhi. Nje ya stesheni ya Bologna kuna saa ya ukutani iliyosimama kwenye saa nne na dakika ishirini na tano. Ndio wakati bomu lilipolipuka hapo tarehe 2 Agosti 1980 na kuua watu 85. Huwa nasimama kidogo kila nikipita.

Mambo mawili ya stesheni. Ubao ukionyesha neno Est au Ovest mbele ya namba ya reli, anza kutembea mapema, maana reli hizo ziko mwisho kabisa wa stesheni. Na kama tiketi yako ni ya karatasi, igonge kwenye mashine ndogo kabla ya kupanda. Tiketi uliyoilipia lakini hukuigonga inaweza kukupa faini.

Ferrara ni kama nusu saa tu. Kutoka stesheni unanyoosha barabara ya Viale Cavour, dakika ishirini na kitu kwa miguu, hadi unaiona ngome ya ukoo wa Este: matofali mekundu, minara minne, na maji yamezunguka pande zote katikati ya mji. Nilidhani ilijengwa kwa ajili ya maadui wa nje. Kumbe mwaka 1385 wananchi wenyewe waliinuka kwa sababu ya kodi, wakamuua ofisa wa mtawala aliyewatoza, na mwaka uleule mtawala akaanza kujenga ngome ya kujikinga na watu wake. Chini kuna vyumba vya wafungwa vyenye milango ya kuinamia. Wanasimulia habari za Ugo na Parisina, mtoto wa mtawala na mama yake wa kambo, waliokatwa vichwa mwaka 1425 kwa kupendana. Mle ndani nilihisi baridi, na nje jua lilikuwa kali.

Mji wenyewe ni wa baiskeli. Bibi wa makamo ya nyanya yangu alinipita akiwa amevaa nguo za kanisani, mkoba kwenye kikapu cha mbele, hana haraka.

Nilikula mapema: cappellacci di zucca, tambi zilizokunjwa na kujazwa boga. Mara nyingi huletwa na mchuzi wa nyama, na nyama hiyo huenda ikawa na nguruwe, kwa hiyo mwenzangu Mwislamu omba ya siagi na majani ya salvia. Boga lile lina utamu uleule wa boga la nazi la futari, isipokuwa huku wanalichanganya na jibini. Nililipenda kweli.

Sasa kosa langu. Nilikuwa nimepiga picha ratiba ya ukutani na kuchagua treni ya kwenda Ravenna. Kando ya saa ya treni ile palikuwa na alama ya nyundo mbili zilizopishana, nami sikuijali. Alama hiyo maana yake ni siku za kazi tu. Jumapili haipo. Nilikaa kwenye benchi zaidi ya saa nzima, nikijua kwamba Ravenna nimeshapangiwa saa ya kuingia kwenye kijumba kiitwacho kaburi la Galla Placidia, malkia wa Kirumi, na saa hiyo inapita. Tafadhali, kabla hujapanga lolote, zitazame zile nyundo.

Njia ya Ferrara hadi Ravenna ni tambarare mwanzo hadi mwisho: Argenta, Lavezzola, Alfonsine, mifereji, miti ya matunda iliyopangwa mistari. Treni haina haraka nawe huna pa kuikimbizia.

Ravenna ilikuwa makao makuu ya dola ya Warumi wa Magharibi kuanzia mwaka 402, na ilikuwa na bandari kubwa. Leo mchanga umeijaza bandari ile ya kale na bahari imesogea mbali. Mimi ni mtu wa Bagamoyo. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam, na tangu hapo mji wetu umebaki na majumba yake. Ferrara nayo iliachwa na akina Este mwaka 1598, Papa alipoichukua. Siku nzima nilikuwa natembea katika miji ambayo wakubwa waliihama, na nilijisikia mwenyeji kuliko ninavyojisikia Bologna.

Tiketi moja inafungua majengo matano. Mhudumu aliniangalia jasho langu, akanipangia saa nyingine ya Galla Placidia bila kuniongezea malipo. Kwa nje ni kijumba cha matofali ambacho ungekipita. Ndani dari lote ni buluu nzito yenye nyota za dhahabu, na mwanga unaingia kupitia madirisha ya jiwe jembamba la alabasta, rangi ya asali. Tulipewa dakika tano. Hakuna aliyezungumza.

Hatua chache kutoka hapo ni kanisa la San Vitale, iliyowekwa wakfu mwaka 547. Picha ya Justiniani, mfalme wa Warumi wa Mashariki, iko ukuta mmoja, ya malkia Theodora ukuta wa pili, lulu zimemshuka hadi mabegani. Picha hizi zimeundwa kwa vipande vidogo vya kioo, navyo havikulazwa sawa, vimeinamishwa kidogo kidogo, kwa hiyo ukisogea hatua moja ukuta unawaka mahali pengine. Nilizunguka kama mtoto.

Njaa ikarudi. Piadina ya huku ni ndugu wa chapati, lakini kwa asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, yaitwayo strutto. Sema "senza strutto" na uulize kama ipo ya mafuta ya zeituni. Mimi niliipata duka la pili.

Kaburi la mshairi Dante halina kiingilio. Alifia hapa mwaka 1321, akiwa amefukuzwa kwao Firenze. Baadaye Firenze ilipata ruhusa ya Papa kuichukua mifupa, wakafungua jeneza la jiwe, wakalikuta tupu: watawa wa Ravenna walikuwa wameificha. Ilionekana mwaka 1865, kwa bahati. Siku hizi Firenze hutoa mafuta ya taa inayowaka pale kaburini.

Kanisa la Sant'Apollinare Nuovo nililiacha la mwisho kwa sababu liko karibu na stesheni. Kuna picha ya kasri la Theodoriko, mfalme wa Wagothi. Utawala ulipobadilika, watu waliokuwa wamesimama kati ya nguzo walifutwa na mahali pao pakawekwa mapazia. Lakini mafundi waliacha mikono. Tazama nguzo vizuri: vidole, kiganja, kipande cha mkono kinachotokeza mbele ya nguzo bila mwenyewe. Nilihesabu, nikapoteza hesabu, nikaanza tena, hadi mlinzi akatuambia wanafunga.

Nikirudi nitaipa Ravenna siku nzima kuanzia treni ya kwanza, na Ferrara niipangie Jumamosi yake. Sikupata hata muda wa kupanda juu ya kuta zake.