Nimekuta kipande cha kopo la soda ndani ya krenki yangu

Nianze na hicho kipande, maana ndicho kilichonipandisha hasira. Kina ukubwa wa kucha ya dole gumba, upande mmoja chekundu, kimekunjwa mara mbili. Kilikuwa kimeshindiliwa kati ya ekseli na krenki ya kushoto ya baiskeli yangu (krenki ni ule mkono unaobeba pedeli, ekseli ni chuma cha katikati unachofungwa), na aliyekishindilia ni fundi aliyenitoza shilingi 5,000 akaniambia, "Hiyo imepona, dada yangu. Utaichoka wewe."

Baiskeli ni mtumba wa Kiboriloni, hapa Moshi. Naendea kazini kutoka Pasua, na Jumapili, mwili ukitaka adhabu, napandisha barabara ya Kibosho. Huko kwenye kupandisha ndiko krenki ilikoanza kulia ko, ko, ko, kila mguu wa kushoto unaposhuka. Nikaipeleka kwa fundi, Majengo, chini ya mti. Mti gani sisemi.

Akachukua nyundo. Akaegesha kipande cha ubao, akagonga mara nne, kisha akakaza bolti kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika simu. Nikauliza kwa adabu zote: "Fundi, hii si inakazwa na bolti tu? Nyundo haitaua gololi?" Hata hakunitazama. Akawageukia wenzake kwenye benchi: "Wanawake siku hizi wana YouTube." Wakacheka. Na mimi nikacheka, na hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Nimtendee haki kidogo. Yule mzee amekulia kwenye Phoenix, zile nyeusi za babu zetu, ambazo krenki inashikwa na pini inayopita pembeni ya ekseli. Kule nyundo ina kazi yake halali: pini inagongwa mpaka ikae, nati inafuata kuilinda. Yangu haina pini. Ekseli ni ya chuma, ncha zake zina pembe nne na zinapungua kuelekea nje, halafu krenki ya alumini inapanda juu yake kama kabari. Kinachoisukuma mpaka ing'ang'anie ni bolti. Ukikaza nusunusu inacheza, na ikicheza chuma kinakula alumini, tundu la pembe nne linakuwa kama yai. Likishafika huko halina dawa, ukaze usikaze.

Na nikiri jingine, kwa sababu kuna rafiki yangu atasoma hapa na anajua. Siku ile ya kwanza fundi aliniambia nirudi kesho yake akaze tena. Sikurudi. Masika, kazi, uvivu. Niliiendesha ikilia wiki mbili, au tatu. Kwa hiyo tundu tumelila wote, mimi na yeye. Tuseme nusu kwa nusu.

Lakini kopo! Niliporudi aliliona tundu limekwisha. Angesema tu, "Binti, tafuta krenki nyingine," ningenung'unika na ningenunua. Badala yake alisubiri nivuke barabara kununua maji, akashindilia bati. Lilishika siku tatu. Ya nne nikiwa mlimani, mguu ukaondoka na krenki yake, mimi nikaenda mtaroni na baiskeli, wanafunzi ndiyo wanatoka shule. Ile nusu kwa nusu naifuta. Robo tatu ni yake.

Safari hii nimefunga mwenyewe uani. Krenki iliyotumika nimeipata Mbuyuni kwa 12,000, baada ya kuchungulia tundu moja moja kama anayebonyeza parachichi. Nikafuta ekseli ikakauka, grisi nikapaka kwenye nyuzi za bolti tu. Wapo wanaopaka mpaka ekseli, na ubishi wao hauishi. Mimi nimeacha kavu. Kazi ilikuwa kukaza. Bolti hizi hutaka kama Nm 40 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na spana ya kupimia sina. Nikapiga hesabu: mpini wa boksi spana yangu una sentimita 25, kwa hiyo ukilala sawasawa, kilo 16 kwenye ncha yake zinatosha. Maji ya kidumu cha lita 5 mara tatu, na ndoo yenyewe ya rangi ni kama kilo moja. Zimetimia.

Breki hapa hazisaidii kitu. Ukikaza bolti ya kushoto, krenki inarudi kinyumenyume na gurudumu halina habari. Nikaifunga kwenye fremu kwa kamba ya katani, mpini nikauelekeza gurudumu la nyuma, nikatundika ndoo taratibu. Mpini ukishuka, natoa ndoo, narudisha boksi mahali pake, natundika tena. Mara ya tatu haukushuka. Mama mwenye nyumba akapita, akasimama, akasema, "Mwanangu, baiskeli nayo inanyweshwa?"

Pedeli ya kushoto hukazwa kinyume cha saa. Nililijua hilo, na bado nusura niiharibu.

Kesho yake nikazunguka kidogo, nikatundika ndoo tena. Mpini ulisogea unywele. Tangu hapo kimya, Kibosho kwenda na kurudi.

Sasa hukumu. Nyota moja. Nilikuwa nimeshaiandika hiyo moja, kisha nikakumbuka krenki ya kulia: aliifunga yeye, siku ileile, kwa nyundo ileile, na haijawahi kulia hata mara moja. Sielewi, na inanikera. Basi mbili. Halafu nakumbuka lile benchi linavyocheka, narudi kwenye moja.

Tatizo ni kwamba mtaroni rimu ya mbele ilipinda, na hapa Moshi sijaona mtu anayenyoosha rimu kama yule mzee. Anagusa spoki kwa kucha, anasikiliza, anajua ipi imelegea. Jumamosi nampelekea. Maji nitatoka nayo nyumbani.