Uzoefu wangu na kitabu cha Aitchison na Hey cha nadharia za geji

Kwa yeyote anayeingia uzamili wa fizikia ya chembe akiwa na msingi wa kwanta mekanika na rilativiti maalumu, na anayetaka kuzielewa nadharia za geji (zile zinazoeleza kani za maumbile kutokana na ulinganifu) kuanzia mizizi yake, kitabu ninachompendekezea ni kimoja: Gauge Theories in Particle Physics cha Ian Aitchison na Anthony Hey. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1982 kikiwa kitabu kimoja. Mimi nimesomea toleo la nne, lenye juzuu mbili: ya kwanza inaanzia mlinganyo wa Dirac wa elektroni hadi QED (nadharia ya kwanta ya sumakuumeme), ya pili inabeba QCD (nadharia ya kani kali inayozifunga kwaki ndani ya protoni) na nadharia inayounganisha kani dhaifu na sumakuumeme. Nimekisoma peke yangu, jioni baada ya kazi, kalamu mkononi, na ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu ambao profesa wa fani hii hawamwoni kila wiki.

Vitabu vingi vya ngazi hii hukupa kanuni mkononi. Badilisha fezi ya uga wa elektroni, kila nukta kivyake, derivativu inaharibika, ongeza uga wa geji uitengeneze, umemaliza. Algebra yake haijazi ukurasa, na ukishaifuata bado hujui kwa nini maumbile yajali jambo hilo. Aitchison na Hey hawakuachi hapo. Sura ya pili inaanzia sumakuumeme unayoijua tangu shahada ya kwanza, na kabla ya kugusa uga wowote wa kwanta inakuletea hoja ya mwanafizikia Eugene Wigner kuhusu uhifadhi wa chaji. Chukulia kwamba chaji inaweza kuumbwa na kufutwa, na kwamba hakuna kipimo chochote kinachoweza kukuambia thamani halisi ya potensheli, isipokuwa tofauti kati ya nukta mbili. Basi gharama ya nishati ya kuiumba chaji ni ileile popote pale. Iumbe kwenye potensheli ya juu, ishushe hadi ya chini huku ukivuna nishati njiani, kisha ifute na urudishiwe gharama yako yote. Umepata nishati ya bure, na hilo haliwezekani. Kwa hiyo kama potensheli haina sifuri yake ya asili, chaji lazima ihifadhiwe. Nilipoifikia hoja hii nilifunga kitabu nikaiandika upya kwa maneno yangu, maana ndani yake mna kiini cha somo zima: uhuru wa kuchagua geji na sheria ya uhifadhi vinakwenda pamoja.

Jambo la pili ninalolisifu ni subira yao kwenye renomalizesheni, yaani njia ya kuzidhibiti namba zisizo na kikomo zinazojitokeza kwenye hesabu. Mada hii ndiyo inayowakimbiza wengi, kwa sababu kwa kawaida inaletwa ndani ya QED, pale ambapo spini, matrisi za gama na uchaguzi wa geji vinakuvamia kwa wakati mmoja. Wao wanatengeneza kwanza nadharia ya mfano yenye chembe tatu tu, A, B na C, zisizo na spini, zinazokutana zote tatu kwenye kila kipeo (nukta ya makutano) cha mchoro wa Feynman, ule unaoonyesha jinsi chembe zinavyoathiriana. Ukihesabu kitanzi kimoja cha mchoro huo kinachosahihisha tungamo la C, unaona kwa macho yako integrali ikikua bila kikomo, lakini polepole, kwa kasi ya logi. Kitanzi cha kwenye kipeo, kwa upande wake, kinatoa namba ya kawaida. Hapo unaelewa ni kitu gani hasa kinachofanyiwa renomalizesheni, na kwa nini. Ukihamia QED baadaye, mzigo unaoongezeka ni wa hesabu, wazo lenyewe umeshalishika. Zawadi yake ni sumaku ya elektroni: kile kisahihisho ambacho Schwinger alikipata mwaka 1948, alfa (kipimo cha nguvu ya sumakuumeme) gawanya kwa pai mbili, takriban 0.00116, unakifikia ukijua kila hatua uliyopita.

Juzuu ya pili ndiyo ya nadharia za geji zisizo za Abel (ambamo mpangilio wa mageuzi mawili hubadili matokeo), zile za Yang na Mills za mwaka 1954. Tofauti yake na sumakuumeme inaelezwa bila kuzungukazunguka: fotoni haina chaji, lakini gluoni nane, chembe zinazobeba kani kali, zina rangi (chaji ya kani hiyo) zenyewe, kwa hiyo zinavutana na kusukumana zenyewe kwa zenyewe. Kutokana na hilo ndipo kunapozuka ule uhuru wa karibu ambao Gross, Wilczek na Politzer waliuonyesha mwaka 1973, kwamba kani kati ya kwaki hupungua nguvu kadiri unavyozichunguza kwa nishati kubwa zaidi. Kila kitu kinategemea ishara ya namba moja: 11 toa theluthi mbili ya idadi ya aina za kwaki. Kwa aina sita tulizonazo unapata 7, chanya. Ukijaribu 16 bado ni chanya, ila kidogo tu. Kwa 17 inageuka hasi na uhuru wenyewe unatoweka. Ile 11 inatoka kwa gluoni. Ninashauri kila msomaji akae na sura hiyo mpaka ajue kila kipande cha namba hiyo kimetoka kwenye mchoro upi.

Lakini kama ungeniambia nichague sehemu moja tu, ningechagua sura za kuvunjika kwa ulinganifu. Wanafunzi wengi tumefundishwa utaratibu wa Higgs, ule unaozipa chembe tungamo, kwa ule mchoro wa kofia pana na gololi inayoteremka, tukaondoka tukidhani tumeelewa. Hapa unapitishwa kwanza kwenye vitu halisi vya maabara: kimiminika kinachotiririka bila msuguano, halafu metali inayopitisha umeme bila ukinzani. Ndani ya metali hiyo uga wa sumaku hauwezi kupenya mbali, ni kana kwamba fotoni imepata tungamo. Ukishaelewa jambo hilo kwenye kipande cha risasi kilichopozwa, kukubali kwamba ombwe lenyewe linazifanyia hivyo W na Z, chembe zinazobeba kani dhaifu, hakukusumbui tena. Unaona pia kwa nini kazi ya 't Hooft ya mwaka 1971 ilikuwa na uzito mkubwa: W na Z zinapata tungamo, na nadharia inabaki inahesabika.

Kisha kuna hesabu moja ninayoipenda. Kwa daraja la chini kabisa, yaani bila vitanzi, tungamo la W ni la Z mara kosaini ya pembe ya Weinberg, inayopima jinsi kani dhaifu na sumakuumeme zinavyochanganyika. Z ina GeV 91.19 (GeV ni kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa tungamo), na mraba wa saini ya pembe hiyo, ikipimwa kwenye kilele cha Z, ni takriban 0.231. Unapata karibu GeV 80.0. Maabara inasema 80.4. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuliko makosa ya upimaji. Inatoka kwenye vitanzi, na kwaki ya topu, kwa uzito wake, ina sehemu kubwa humo. Ndivyo vipimo vya LEP, mashine ya kugonganisha elektroni na positroni kule CERN, vilivyoweza kuashiria tungamo la topu kabla haijapatikana kwenye maabara ya Fermilab, Marekani, mwaka 1995. Ukifika mwisho wa juzuu ya pili unaweza kulifuata jambo hili mwenyewe.

Mapungufu yapo. Jumla ya njia zote ya Feynman inachelewa sana. Inaingia juzuu ya pili, kwenye sura ya nadharia za gridi (ambamo nafasi na muda hugawanywa kuwa nukta), na anayetaka kusoma makala za utafiti atahitaji kuijua mapema zaidi. Mimi niliijazia kwa sura ya 9 ya kitabu cha Peskin na Schroeder cha nadharia ya uga wa kwanta, kisha nikarudi. Vilevile mazoezi ni mazuri lakini majibu kamili hayamo, na kwa anayesoma peke yake hilo linauma. Maelezo nayo ni marefu. Mwenye haraka ya kupata fomula ataona anacheleweshwa.

Kwa pengo la mwalimu, tumieni mihadhara ya video ya diploma ya ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, Italia), ambayo ni ya bure mtandaoni. Kituo hicho cha Trieste kilianzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, huyuhuyu ambaye jina lake liko kwenye sura ya mwisho ya kitabu pamoja na Glashow na Weinberg, na sasa kina taasisi mwenza Kigali inayosomesha uzamili. Anayetaka kuomba nafasi huko, au kwingineko, aianze juzuu ya kwanza sasa hivi, na asiiruke sura ya pili hata kama anadhani sumakuumeme anaijua.