Kikoba cha dharura cha baiskeli: uzoefu wangu njia ya Kigongo

Kikoba hiki nilikinunua duka moja la vipuri karibu na Makoroboi, hapa Mwanza, kwa shilingi 35,000. Jina la kiwanda silitaji. Ni kimfuko cheusi cha kufunga chini ya tandiko, chenye mstari unaong'aa ukimulikwa na taa za gari. Ndani mna pampu ndogo ya mkono, vijiti vitatu vya plastiki vya kutolea tairi, viraka sita, gundi ya kubinya, kibati chenye meno cha kukwangulia tyubu, vispana vya pembe sita vya kuingiza ndani ya bolti, na plasta mbili.

Nimekibeba miezi minane sasa na nitaendelea kukibeba. Lakini kilivyotoka dukani hakikuwa tayari kwa baiskeli yangu, na hilo nililijua nikiwa njiani, jua linashuka.

Ilikuwa Jumapili. Mimi na binamu yangu tulitoka Buhongwa kwenda Busisi kuliona lile daraja la Ziwa Victoria, kutoka Kigongo hadi Busisi. Tangu lifunguliwe Juni 2025 nilikuwa na hamu ya kuvuka kwa baiskeli zile kilomita tatu za juu ya maji, mahali ambapo zamani tulikuwa tunakaa foleni kusubiri kivuko. Mimi naendesha Phoenix ya siku nyingi, tairi za 28. Yeye ana ya gia, tairi za 26. Kwenda kulikuwa raha tupu, upepo wa ziwa unapiga ubavuni, mitumbwi inaonekana midogo kule chini.

Kurudi, tukiwa tumeshaiacha Kigongo kuelekea Usagara, basi likapiga honi nyuma yetu. Nikatoka nje ya lami kulipisha. Dakika chache baadaye nikahisi gurudumu la nyuma linayumba, kisha rimu ikaanza kugonga. Mwiba wa mgunga, mrefu kama njiti ya kiberiti, ulikuwa umesimama katikati ya tairi.

Sikuwa na wasiwasi. Nina kikoba, nikawaza. Nikakifungua pale pale nyasini.

Kwanza spana. Vile vya pembe sita vinaifaa baiskeli ya binamu yangu. Phoenix inafungwa kwa nati za nje, na ndani ya kikoba hapakuwa na spana hata moja ya nati. Hilo halikutukwamisha, maana pancha inazibika bila kuvua gurudumu: unatoa upande mmoja wa tairi kwa vile vijiti, unaivuta tyubu nje, unaziba. Vijiti vyenyewe ni vizuri, vigumu, havikupinda. Tukaivuta tyubu, tukalipata tundu kwa kulisikiliza karibu na sikio. Nikachukua gundi, nikatoboa mdomo wake, nikabinya. Hakikutoka kitu. Nikaikata kwa wembe katikati: imekauka yote, ngumu kama ulimbo wa juzi. Na haikuwa imewahi kufunguliwa. Ilikaa dukani muda gani, Mungu ndiye anajua.

Tukasukuma baiskeli kama nusu saa mpaka kwa fundi mmoja aliyekaa chini ya mwembe, ana beseni la maji na sanduku la mbao. Mzee wa makamo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, wanangu. Mmetoka mbali?"

"Busisi. Pancha, na pampu yetu nayo haishiki valvu."

Alicheka kidogo, akanyoosha mkono. "Lete niione hiyo pampu."

Hapa ndipo nilipopata somo lililonifanya niandike haya. Wakati gundi ya kiraka inakauka, aliufungua mdomo wa pampu kwa vidole. Ndani mna kimpira na kidude cha plastiki. Akavitoa vyote viwili, akavigeuza kichwa chini, akavirudisha, akafunga. Upande ule mpana ni wa valvu nene kama za pikipiki na gari, ndizo zilizoko kwenye baiskeli ya binamu yangu. Upande mwembamba ni wa zile valvu nyembamba za baiskeli za mashindano, na unashika vilevile valvu za Phoenix na ndugu zake. Akapachika, ikashika, ikapiga upepo. Pampu ilikuwa nzima siku zote. Waliotengeneza hawakuweka hata karatasi moja ya maelezo, na muuzaji hakuniambia. Hii kasoro naiona kubwa kuliko gundi, kwa sababu gundi utanunua nyingine, ila mtu anaweza kuitupa pampu nzuri akidhani ni mbovu.

Jambo jingine alilonionyesha: valvu za Phoenix za mtindo wa zamani zina kimpira chembamba kama tambi kinachovishwa juu ya kile kisindano cha ndani. Jua likikipiga sana kinapasuka, na upepo unatoka polepole bila tundu lolote kwenye tyubu. Alinikatia kipande kirefu kama kidole, bure, akasema niwe nacho daima. Nacho daima.

Namna anavyoziba nimeiiga kabisa. Kile kibati chenye meno alikiweka pembeni, akasema kinachimba mpira mno, akatumia msasa. Akapaka gundi nyembamba, eneo pana kuliko kiraka, akaiacha. Mimi nilikuwa na haraka, nilitaka abandike. Akanigusisha kwa kidole: bado inanata. Dakika tano hivi, ikawa haishiki tena kidole, ndipo akaweka kiraka na kukikandamiza kwa mpini wa nyundo. Kabla ya kurudisha tyubu akapitisha kitambaa ndani ya tairi taratibu, duara zima. Kikanasa. Kulikuwa na ncha nyingine ya mwiba, ndogo sana, ambayo ingetutoboa tena kabla ya Usagara.

Tulifika nyumbani gizani. Huku kwetu jua likizama, saa moja kasoro hivi, giza haliulizi, na malori ya Geita yanapita kwa kasi. Kikoba hakina taa. Hiyo sasa ni sharti kwangu: taa nyekundu nyuma, na tochi mbele, hata nikitoka asubuhi.

Kwa hiyo kikoba changu leo si kile cha dukani. Gundi nimenunua mpya, na kila baada ya miezi michache naibinya kidogo kuona kama bado laini. Nimeongeza spana ya 15 inayoingia nati zangu (yako pima kwanza, Phoenix za zamani hazifanani), tyubu nzima ya saizi yangu, msasa, kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani tairi likichanika, na mpira wa tyubu ya zamani wa kufungia chochote. Noti ndogo ndogo nimezikunja humo pia, maana fundi wa porini hana habari na mtandao wako wa simu ukigoma.

Zile plasta mbili hazitoshi hata goti moja. Nimeweka bandeji, plasta pana, glovu, pakiti ya chumvi ya kuongeza maji mwilini ya kuchanganya kwenye lita moja ya maji safi, na karatasi yenye jina langu, simu ya mke wangu na namba ya dharura, 112. Maji ya chupa ya kuoshea kidonda nayabeba mwenyewe. Kwa wenzangu wanaopita Igombe na Kayenze nasema kwa uzito: ukianguka, usishuke ziwani kuosha mguu. Kichocho kipo ziwani, na vijidudu vyake vinapenya ngozi hata isiyo na jeraha.

Kama unaendesha ya gia yenye valvu nene, kinunue, badilisha gundi tu. Mwenye Phoenix atatumia kama 15,000 zaidi kukikamilisha, na bado naona inalipa, kwa ajili ya pampu na vijiti. Ukikinunua, kifungulie pale pale dukani, ubinye gundi kwa vidole mbele ya muuzaji. Mimi wiki mbili zilizopita nilifanya hivyo nikimnunulia binamu yangu cha kwake, na ya tatu tuliyobinya ndiyo ilikuwa laini.